Mwasho wa Ngozi Usiokwisha na Fedha za Magodoro

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kaloleni, Arusha)



Katibu wetu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya "afya kwa jumla". Afya kwa jumla ni bahari, nami nimepewa nusu saa. Kwa hiyo nimechagua jambo moja ambalo nina hakika linawahusu wengi waliomo humu ukumbini, ingawa sitegemei mtu kunyoosha mkono. Nalo ni mwasho wa ngozi unaodumu, yaani ule wa wiki sita na zaidi, ambao mtu amekwisha kupaka hiki na kile na bado usiku anajikuna.

Nimelichagua kwa sababu nyingine pia. Katika ajenda ya leo lipo pendekezo kwamba michango yetu ya mwaka huu inunue magodoro mapya, yale ya zamani yachomwe moto, na mabweni yapulizwe dawa, ili kukomesha upele ambao umekuwa ukienda na kurudi. Mimi kazi yangu ni afya ya mazingira. Siku hizi cheo chetu ni kirefu, lakini wazee wa Kaloleni bado wanatuita mabwana afya, nami sioni vibaya. Naomba mnisikilize kwanza, ndipo mpige kura.

Yafaa tuelewe tangu mwanzo kwamba mwasho si ugonjwa mmoja. Ni kama homa: ni dalili, na nyuma yake yaweza kuwapo mambo mengi yasiyofanana kabisa. Anayekwenda duka la dawa na kusema "nipe dawa ya mwasho" ni sawa na anayekwenda kwa fundi na kusema "gari linalia".

Upo ukurutu, ambao mjini hapa watu wengi huuita pumu ya ngozi. Jina hilo si baya, kwa maana ugonjwa huu hutembea katika ukoo mmoja na pumu ya kifua na mafua ya mzio. Mtu huzaliwa na ngozi isiyoshika maji vizuri. Hukauka, hupata nyufa ndogo zisizoonekana, na kila kitu kikali kikipita hapo huamsha mwasho. Kwa vijana alama yake kubwa ni mikunjo ya viwiko na ya nyuma ya magoti. Hauambukizi hata kidogo. Lakini Arusha ina hali inayouchochea. Tupo kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya Mlima Meru inatushukia. Kijana akipata maji ya moto huyafurahia, hujisugua kwa sabuni ya kufulia, kisha huvaa sweta la sufu juu ya ngozi tupu. Mwenye ukurutu akifanya hivyo kila siku amejitafutia adhabu. Dawa yake ya kwanza ni mafuta ya mgando, yale yasiyo na manukato, yapakwe mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Ni rahisi kiasi kwamba watu hawaamini kuwa ni dawa.

Upo pia mwasho unaotokana na kitu kinachogusa ngozi. Mafundi ujenzi wanaujua, kwa kuwa saruji mbichi ina madini ya kromi ambayo mwili wa mtu ukishayakataa huyakataa maisha yake yote. Kifungo cha suruali na bakoli ya mkanda vyenye nikeli huacha vipele chini ya kitovu. Na kwa wenzangu wa umri wangu mnaoficha mvi: rangi nyeusi ya nywele, pamoja na ile piko wanayopakwa akina mama harusini, aghalabu ina kemikali inayoweza kuvimbisha uso mpaka macho yakafumba. Sitaji majina, ila nawaona.

Kisha kuna choa na fangasi wengine. Hapa naomba niseme kwa uzito kidogo, maana jambo hili linaharibika siku hadi siku. Madukani zipo krimu za mchanganyiko, ambazo ndani ya tyubu moja zina dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na dawa kali ya jamii ya steroidi. Mtu mwenye choa akijipaka, mwasho hutulia siku ile ile. Hufurahi, na humwambia jirani. Lakini steroidi haiui fangasi. Inachofanya ni kuituliza ngozi isipigane naye. Fangasi huendelea kutambaa kimyakimya, hupoteza ile duara yake tuliyoizoea, na baada ya miezi hata mganga mzoefu hupata shida kuutambua. Mtu akiacha krimu, mwasho hurudi kwa nguvu zaidi, naye hurudi dukani. Krimu hizi hizi vijana huzitafuta ili wawe weupe. Zikitumiwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, na michirizi inayoachwa mapajani na mabegani haifutiki. Steroidi yenyewe ni dawa nzuri mkononi mwa anayeijua, na mwenye ukurutu huihitaji. Ubaya ni kuinunua kama mtu anavyonunua chumvi.

Mengine nitayapitia upesi. Ndugu zetu waliohamishiwa kazi Mahenge, Tukuyu au Tunduru wajue kwamba huko kuna usubi, yaani mdudu wa kando ya mito iendayo kasi, anayeleta minyoo ya chini ya ngozi, mwasho mkali, na hatimaye upofu. Watu wenye virusi vya Ukimwi ambao hawajaanza dawa huweza kupata vipele vigumu vya mwasho mikononi na miguuni. Mwaka 2004 wataalamu waliochunguza wagonjwa wa namna hiyo huko Uganda walichapisha matokeo yao, nayo yalionyesha kuwa ngozi za wengi wao zilikuwa na alama za kuumwa na wadudu. Yaani ni kuumwa kulekule tunakoumwa sote, ila mwili uliopungukiwa kinga hukupokea kwa hasira. Mwenye vipele hivyo apime, na akishaanza dawa ngozi nayo hupata nafuu. Nanyi wenye umri mkubwa, mtu akiwashwa mwili mzima bila kipele chochote, asihangaike na sabuni. Apimwe figo, ini, tezi ya shingo, na sukari.

Sasa nifike kwenye upele wenyewe.

Upele husababishwa na utitiri mdogo sana, urefu wake chini ya nusu milimita. Jike huchimba njia ndani ya ngozi ya juu na kutaga mayai mawili au matatu kila siku. Hili si jambo jipya. Mwaka 1687 Mwitalia mmoja, Giovanni Cosimo Bonomo, aliandika barua akieleza jinsi yeye na mwenzake Cestoni walivyomtoa mdudu huyu kwenye ngozi ya mgonjwa na kumtazama kwa darubini. Ni mojawapo ya magonjwa ya kwanza ya binadamu ambayo chanzo chake kilionekana kwa macho. Hata hivyo, miaka zaidi ya 300 baadaye, hapa Arusha bado mtu huambiwa ana "damu chafu" na kunyweshwa dawa za kuharisha. Wengine hupakwa mafuta ya taa. Kuogea majani ya mwarobaini sikukatazi, lakini kusicheleweshe kwenda zahanati.

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba mtu mwenye upele wa kawaida, anayejikuna usiku kucha, mara nyingi ana utitiri kumi au kumi na tano tu mwili mzima. Mwasho hautokani na wingi wao. Unatokana na mwili kuwakataa wao, mayai yao na kinyesi chao. Na mwili huchukua muda kujifunza kuwakataa. Anayeambukizwa mara ya kwanza hukaa wiki nne hadi sita bila kuhisi lolote, huku akiwaambukiza wenzake. Aliyewahi kuugua zamani huanza kuwashwa kati ya siku moja na nne.

Vijana, fanyeni hesabu hapo. Mwanafunzi ameambukizwa nyumbani wakati wa likizo ya Juni. Anarudi shuleni Julai akiwa mzima kabisa, hana kipele. Ni majira ya baridi, blanketi ni jembamba, naye analala na rafiki yake kitanda kimoja ili wapate joto. Agosti anaanza kujikuna katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri. Anapelekwa zahanati, anapewa dawa, anapona. Lakini rafiki yake, ambaye bado hajikuni, amekwisha kuupokea, na Septemba atamrudishia. Hapo husemwa kwamba dawa haifanyi kazi, au kwamba magodoro yana wadudu.

Tulipokuwa wanafunzi, aliyeonekana na upele alirudishwa nyumbani mpaka apone, na akirudi aliitwa mchafu. Nasikia desturi hiyo haijafa katika shule nyingi. Kwa maoni yangu ni desturi mbaya mara mbili. Kwanza, upele si ugonjwa wa uchafu. Utitiri uliomo ndani ya ngozi hauondoki kwa maji na sabuni, na wapo watu wasafi kupindukia wanaoupata. Unachopenda ni msongamano. Pili, kumrudisha mtoto kwenye chumba kimoja cha kupanga, hapa Kaloleni au Ngarenaro au Unga Limited, ambako watoto watatu wanalala kitanda kimoja, ni kuuhamisha ugonjwa kutoka bwenini kwenda mtaani, na mwezi ujao utarudi bwenini. Kijana mwenyewe amepoteza masomo ya wiki mbili na heshima yake kwa wenzake. Wapo wanaoficha upele kwa kuogopa aibu hiyo, na anayeficha ndiye anayeambukiza zaidi.

Tena si mwasho tu. Kucha zikichuna ngozi, bakteria huingia, na vidonda hutoa usaha. Baadhi ya bakteria hao huweza kuleta ugonjwa wa figo wiki chache baadaye. Uso huvimba asubuhi na mkojo huwa na rangi ya chai ya rangi. Kijana akiona hivyo aende hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri Jumatatu.

Turudi kwenye magodoro. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na tabu kubwa ya upele katika jeshi na mijini, na serikali ilitumia nguvu nyingi kuchemsha na kufukiza mablanketi. Mtaalamu wa wadudu, Kenneth Mellanby, aliwapata watu waliojitolea katika mji wa Sheffield, wengi wao wakiwa wale waliokataa kwenda vitani kwa ajili ya dhamiri zao. Akawalaza kwenye mablanketi yaliyotoka moja kwa moja kwa askari wenye upele, bila kufuliwa. Akawavisha pia nguo zao za ndani. Alirudia mara nyingi, na walioambukizwa walikuwa wachache mno. Walipolazwa kitanda kimoja na wagonjwa, ngozi kwa ngozi, ndipo upele ulipowaingia. Mellanby alionyesha kwamba serikali ilikuwa ikipigana na mablanketi wakati adui alikuwa kwenye ngozi za watu.

Utitiri ukitoka mwilini hauishi zaidi ya siku mbili tatu. Godoro likikaa siku hizo bila kulaliwa, utitiri uliokuwa juu yake umekufa, wala hakuna haja ya moto. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, au yafungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki moja. Upo upele wa magamba, ambao huwapata wenye kinga dhaifu. Huo huwa na utitiri kwa maelfu na humwagika hata kwenye viti. Mgonjwa wa namna hiyo ni wa hospitali, na hapo vyombo vyake vinahitaji uangalifu zaidi. Lakini bwenini si jambo la kawaida. Wala sisemi kunguni hawapo mabwenini. Kunguni wapo, nao wapulizwe dawa kwa haki yao. Ila tusidhani kuua kunguni ni kuua upele.

Basi kinachofaa ni nini? Nitatoa mfano wa Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki. Mwaka 2012 wataalamu walichukua jamii tatu za visiwa hivyo. Katika moja walifanya kama tunavyofanya sisi, yaani kumtibu anayeonekana mgonjwa pamoja na walio karibu naye. Katika nyingine waliwapa watu wote, wagonjwa na wazima, vidonge vya ivamektini kwa wakati mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kule walikotibiwa wagonjwa na walio karibu nao tu, upele ulishuka kwa mwaka mmoja kutoka asilimia 37 hivi hadi 19. Kule walikotibiwa wote, ulishuka kutoka asilimia 32 hadi karibu 2.

Dawa hiyo ya ivamektini ndiyo ile ile inayogawiwa Mahenge kwa ajili ya usubi. Chimbuko lake ni kijidudu kilichopatikana kwenye udongo wa karibu na uwanja wa gofu huko Japani, na William Campbell na Satoshi Ōmura walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria kwamba kwa wakati wowote ule watu zaidi ya milioni 200 wanao. Kwa hiyo kijana mwenye upele bwenini ana wenzake wengi duniani.

Kiasi cha dawa hupimwa kwa uzito. Kijana wa kilo 60 humeza miligramu 12, yaani vidonge vinne vya miligramu tatu. Kwa kuwa dawa haiui mayai, hurudia kiasi hicho baada ya wiki moja au mbili. Bweni la vijana 60 wa uzito huo lahitaji vidonge 480. Wapo wasiofaa kupewa, kama wajawazito na watoto wa chini ya kilo 15, na hilo litahusu familia za watumishi wanaoishi shuleni. Hao watapewa dawa ya kupaka ambayo mganga ataona inawafaa. Ile dawa nyeupe ya B.B.E. mnayoijua nayo inafaa, ingawa inachoma. Ipakwe kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole na chini ya kucha, wala si pale panapowasha tu. Na jambo la kukumbuka sana: baada ya tiba kufaulu, mwasho waweza kuendelea wiki mbili hadi nne, mpaka mwili utoe mabaki. Anayeogopa na kujipaka tena kila siku huichoma ngozi yake na kujiletea mwasho mpya, unaotokana na dawa yenyewe.

Si kila anayejikuna bwenini ana upele. Kwa hiyo kabla ya siku ya dawa lazima aje mtu wa kutazama ngozi moja moja, awatenge wenye ukurutu na wenye choa. Mtu huyo hayuko mbali. Pale KCMC, Moshi, kilomita 80 hivi kutoka hapa, kipo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichoanza mwaka 1992. Kimefundisha maafisa tabibu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Hapa jirani tuna Kituo cha Afya Kaloleni na Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru, nako ndiko pa kuanzia.

Ndugu Mwenyekiti, naomba pendekezo la magodoro lirekebishwe lisomeke hivi. Fedha zilizokusanywa zigharimie uchunguzi wa ngozi wa wanafunzi wote, na tiba ya mabweni yote kwa siku moja, pamoja na mlezi wa bweni, wapishi, walinzi na walimu wanaoishi shuleni, kisha irudiwe baada ya wiki mbili. Wanafunzi wa kutwa wapewe dawa pamoja na watu wa nyumbani kwao. Kazi hiyo ifanywe mwezi wa pili baada ya shule kufunguliwa. Asiwepo mwanafunzi atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya upele. Fedha zitakazobaki zinunue vitanda vya nyongeza, kila kijana awe na chake, na mablanketi mawili kwa kila kitanda kabla ya Juni, ili asiwepo atakayelazimika kutafuta joto kwa mwenzake. Magodoro ambayo hayajachanika yatolewe nje, yapigwe jua, na yaendelee kutumika.

Nimekwisha kuzungumza na mlezi wa mabweni, naye yuko tayari kutoa orodha ya vitanda. Kama yupo wa kuniunga mkono, nipo tayari kujibu maswali.